Seti ya Mbegu Nyekundu

Nilipoanza kazi ya shanga hapakuwa na kitu duniani cha kunishangaza tena. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa wanaonijua watasema hayo ndiyo majisifu yenyewe. Nilishachimba visima mpaka jua likawa sarafu juu ya kichwa changu. Nilishasimamishwa na wenye bunduki kwenye pori la njia ya Kibondo, nikafika nyumbani na suruali peke yake. Nilishafyatua matofali, nilishaezeka, nilishatengeneza baiskeli za nusu ya Kasulu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mguu mmoja uko nje ya mlango. Kila nilicho nacho nimekitoa kwenye vidole hivi kumi. Mtu wa namna hiyo ashangae nini?

Sasa mwaka huu wa 2015 unakwisha na nimeweka koleo chini. Watu nawaambia macho yamechoka. Macho yangu ni mazima, naona kunguru akiwa upande wa pili wa bonde. Ninyi vijana mliorithi meza yangu mmenitaka niwaandikie kazi ilivyokuwa, basi naandika. Bei na faida hamtaziona humu, hizo kila mtu anazo za kwake za kudanganyia wenzake. Nitaandika kazi, na nitaandika ile habari ya Kibondo ambayo kila mmoja wenu ameisikia kwa mdomo wa mtu ambaye hakuwepo.

Mwaka 2012 pikipiki zilijaa Kasulu, baiskeli zikaegeshwa ukutani kama majembe ya marehemu. Nilikaa siku nzima chini ya kibanda changu na spana, hakuna hata wa kuja kujaza upepo. Jirani yangu sokoni alikuwa Mama Spesioza, mzaliwa wa Burundi aliyekuja kwetu zamani akikimbia vita, akapata uraia, akawa anauza maharage upande mmoja wa meza na shanga upande wa pili. Maharage yalikuwa mengi, shanga kidogo, lakini niliona wanawake wanasimama upande gani. Nikamwendea.

"Mama, nifundishe."

"Lete mikono, Fundi." Nikampa. Akaigeuza kama anayenunua mihogo. "Hii ni mikono ya spana."

"Mikono hii, mama, hakuna kilichowahi kuishinda."

"Sijauliza imeshinda nini. Nauliza kama inaweza kutulia."

Siku ya kwanza alinipa sahani moja ya shanga zilizochanganyika na kuniambia nizitenge kwa rangi. Nilizitenga. Akazimwaga pamoja tena. Nikatenga. Akamwaga. Nikatenga tena, na hapo ndipo akanipa sindano. Alinifundisha kutandika kitambaa cheupe chenye unyevu ili shanga zisitembee. Alinifundisha kupaka uzi nta ya mshumaa, kutotia sindano mdomoni hata siku moja, na kupima shingo ya mteja kwa uzi badala ya kwa jicho, maana jicho la mwanaume, alisema, likifika shingoni halipimi tena. Mkufu na bangili tulitunga kwa mshipi wa kuvulia samaki uliotoka Kigoma. Ukishafunga fundo, unavuta kwa nguvu zako zote. Ukikatika mezani kwako, umepoteza dakika. Ukikatika kanisani, umepoteza jina.

La muhimu kuliko yote lilikuwa hili: seti huanzwa na hereni. Wengi wenu bado mnaanza na mkufu kwa sababu ndio mkubwa na unapendeza kuutazama ukikua. Makosa. Hereni mbili ni mapacha, zikitofautiana hata kidogo uso mzima unaonekana umepinda. Kwa hiyo chagua shanga bora za hereni kwanza, kisha bangili, halafu mkufu upewe kinachobaki, maana mkufu ukipungukiwa unaweza kuupunguza au kuuchanganya na nyeusi. Hereni huwezi kuipunguza.

Kazi nilifanyia nyumbani, chumba cha mbele, dirisha upande wa mashariki. Wenzangu wa gereji walikuja kunichungulia. "Fundi, mbona hujajifunga kanga?" Nikawajibu, "Nasubiri mkeo aniletee, kwa hela zako." Baada ya mwezi hawakuja tena kucheka, walikuja kununua kwa siri.

Sitaficha kwamba mwanzoni nilikuwa bado fundi baiskeli. Ndoano za hereni ziliniishia nikatengeneza zangu kwa nyuzi za waya wa breki, nikazing'arisha mpaka zikawaka. Mwalimu mmoja wa kike, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, akazivaa kwenye mahafali. Jumatatu alikuja masikio yamevimba kama maandazi. Mama Spesioza alicheka mpaka akashika meza. "Yebaba we! Umemfunga mwalimu breki!" Tangu hapo kitu chochote kinachogusa mwili wa mtu nilinunua, sikubuni. Hiyo kanuni niliishika vizuri karibu miaka miwili. Kisha nikawa hodari.

Adui yangu alikuwa rangi nyekundu. Mnajua wenyewe, pakiti mbili kutoka Dar zimeandikwa rangi ileile, ukizimwaga kitambaani hazijuani. Mama mmoja alinirudishia seti ya harusi ya binti yake, akaiweka mezani, akasema, "Hereni damu, mkufu nyanya. Ninyi mafundi mnatuonaje?" Nilikaa na neno lile muda mrefu.

Kiangazi cha 2014 nilikwenda Kagerankanda kununua maharage, na kando ya shamba, juu ya kichaka, nikaona mmea unaotambaa umepasua maganda. Ndani mbegu nyekundu zinazong'aa, kila moja na jicho jeusi. Mnazijua, zile turituri. Watoto wanazichezea. Nikachuma kofia nzima. Nyumbani nilizitandaza kwenye kitambaa cheupe nikakaa chini. Nyekundu zote moja! Kiwanda cha Mungu hakibadilishi pakiti. Nikamwambia mke wangu, "Hawa watu wa Dar nimewamaliza."

Mama Spesioza alikuwa ameshahamia Buhigwe kwa binti yake, na mimi nilikuwa nimefika pale ambapo fundi haulizi tena. Mbegu ile ni ngumu, haitoboki kirahisi. Waliojaribu kabla yangu waliipasua. Mimi niliiloweka mpaka ngozi ikalegea, nikaibana kwa koleo, nikapitisha sindano iliyopata moto kando ya lile jicho jeusi. Harufu yake ni kama maharage yanayoungua. Tundu lilitoka safi, upande hadi upande, hata ufa hakuna. Nawaambia leo na nitasema kesho, hakuna mtu Kasulu aliyetoboa mbegu ile kama mimi.

Nilitengeneza seti mbili. Ya kwanza niliitundika ukutani ili watu waione. Ya pili ilikuwa ya Bibi Leokadia.

Bibi huyu alitoka kijiji kimoja upande wa Kibondo. Alikuja Kasulu msibani akapita kwangu. Binti yake Ansila alikuwa na mtoto mchanga wa kubatizwa, mvulana anayeitwa Fadhili. "Nataka shingoni, mkononi na masikioni kufanane," alisema. "Watu wasiseme binti yangu ameazima kwa watatu." Akaniachia namba ya simu ya mwanawe Gervas. Aliporudi kuchukua, aliigeuza bangili juani, akanitazama, akasema neno moja la Kiha la kusifu ambalo mwanaume haambiwi mara nyingi. Nilitembea nalo wiki nzima.

Miezi ikapita, mvua zikaanza. Siku moja akaja nyumbani Daktari Mwanaidi, kijana wa Tanga aliyeletwa hospitali yetu mwaka ule. Alikuwa anatafuta zawadi ya mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Karibu. Usitazame hizo za mezani, tazama ukutani."

Nikamshushia ile seti nyekundu. Akaipokea kwa furaha, akaisogeza dirishani. Nikamweleza habari ya kiwanda cha Mungu. Nilipofika kwenye tundu, furaha ikamtoka usoni.

"Baba, hizi umezitoboa wewe?"

"Mimi mwenyewe. Hata ufa huoni."

Aliiweka mezani polepole, akafuta vidole kwenye kanga. "Mbegu hii ni sumu kali. Ikiwa nzima, mtoto akiimeza mara nyingi inapita na kutoka kama ilivyo, kwa kuwa ganda ni gumu. Lakini hii ina mlango. Mtoto akiitafuna, moja tu inatosha kumuua. Na hatuna dawa ya kuizima."

"Moja?"

"Moja, baba. Umeuza nyingine?"

Nikamtajia yule bibi wa Kibondo. Nilikuwa naiona ile bangili ikigeuzwa juani, na mvulana wa kubatizwa ambaye kwa hesabu ya miezi sasa anaota meno.

Daktari alisema atampigia mwenzake wa Kibondo wakae tayari, na mimi nipige kwa wenyewe papo hapo. Nikapiga. Gervas akapokea, upepo unavuma kwenye simu, nadhani alikuwa kilimani kunakopatikana mtandao.

"Halo! Nani mwenzangu?"

"Fundi wa shanga wa Kasulu. Zile shanga nilizompa mama yako, zina sumu!"

"Umetia nini?"

"Sumu! Mtoto asi..."

Ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Tena, haipatikani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Akauliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa:

"Baba Yusta, umemwambia nini huyo mtu?"

Nilipofungua mdomo kurudia ndipo nilipojisikia. Mnaijua nchi yetu. Mwanaume amemuuzia bibi shanga za kumvalisha mjukuu, kisha anapiga simu kutoka mbali anasema nimetia sumu, simu inakatika. Kwetu Buha hayo hayaitwi onyo. Hayo mchawi ndivyo anavyojigamba. Tumeona nyumba zikiezuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, na mwenye nyumba hakupewa nafasi ya kueleza.

"Usiende," mke wangu alisema. "Watakuchoma. Tuma mtu."

"Nitume nani? Nani akafe kwa ajili yangu?"

"Basi kaa. Daktari ameshapiga simu."

"Daktari amepiga hospitali. Mtoto yuko kijijini."

Akaweka ungo chini. Akaenda kunifungia viazi vya njiani. Aliweka vingi kuliko vya safari ya siku moja, nikajifanya natafuta koleo.

Nikachukua mfuko, mkasi, koleo, na pakiti moja ya shanga za kioo nyeupe nikiwa na wazo la kumbadilishia bibi. Lori la mahindi likanipakia. Siku zile magari yalingojana ili yavuke pori pamoja na askari, na siku zote nilichukia kungoja kule. Siku ile nilipoambiwa tungoje, nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikaona aibu. Nililala Kibondo bila kulala, na kulipokucha nikachukua bodaboda.

Kijana wa bodaboda alikuwa msemaji. "Mzee, unakwenda msibani au salama?"

"Salama. Kwa Bibi Leokadia."

"Duh! Kwa yule mtoto aliyerogwa! Mzee, umesikia? Mchawi mwenyewe kapiga simu, kajitaja kabisa na mji wake. Kiburi gani hicho? Wanasema ni jitu la Kasulu, linafuga nyoka kwenye sahani ya shanga."

"Mtoto yu hai?"

"Jana alikuwa hai. Huyo jamaa akikanyaga huku, mzee, hachukui raundi. Sijui hata anafananaje."

"Labda anafanana na watu," nikasema. Akacheka sana. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wangu kwa mikono miwili kama mwanamke mjamzito anavyoshika tumbo.

Uwanja ulikuwa umejaa watu wamekaa, hakuna anayeongea. Nikashuka, nikavua kofia.

"Amahoro," nikasema. "Mimi ndiye fundi wa Kasulu."

Kijana wa bodaboda aliondoka hata nauli hakudai.

Hawakunipiga. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walipasua njia katikati, na mwisho wa njia alikuwa Ansila juu ya mkeka, shingo imesimama kama aliyejitwika mtungi. Mkufu wangu ulikuwa shingoni, hereni zangu masikioni. Mtoto yuko mapajani, na bangili imezungushwa mara mbili kwenye kifundo cha mkono wake mdogo. Mama mtu ameushika ule mkono usifike mdomoni, macho mekundu. Mtoto analia na kuuvuta.

"Bado mmemvalisha!" nikapiga kelele. "Nilisema ina sumu!"

"Ndiyo maana," akasema Gervas. Alikuwa kijana mpana, panga mkononi, la kuni, lakini kuni sikuziona. "Mfumu aliyetupigia ramli amesema aliyefunga ndiye afungue. Mwingine akigusa, mtoto anakwenda nayo. Tumekungoja tangu jana. Fungua."

Vijana, hapo ndipo mimi ambaye nilikuwa sishangai nilishangaa. Neno langu la kumwokoa mtoto ndilo lililoiacha sumu mkononi mwake usiku kucha. Na nikaona jambo la pili: walikuwa hawanipigi kwa sababu wananihitaji. Fundo likifunguka, hawanihitaji tena. Maadamu bangili iko mkononi mwa mtoto, mimi ni mtu. Ningeweza kusema inataka maji ya mto, inataka jogoo mweupe, inataka mpaka jioni. Wangeniletea vyote.

Mtoto akauvuta mkono, mama akasinzia nukta moja, mkono ukafika mdomoni.

Nikatoa mkasi nikakata. Mbegu zikamwagika kwenye kofia yangu. Nikamvua Ansila hereni, nikamvua mkufu, naye akainamisha kichwa akaanza kulia kwa sauti. Mimi nilikuwa nazigeuza zile mbegu moja moja. Nazijua mbegu zangu. Moja ilikuwa nusu. Ganda limevunjika pale penye tundu, ndani peupe, na nusu ya pili haikuwepo.

"Amekula," nikasema. "Twende hospitali sasa hivi."

"Hakuna anayekwenda popote," Gervas akasema.

Bibi Leokadia akasimama. Hakuwa mrefu. Akaja mpaka nikasikia pumzi yake. "Wewe mwanaume. Ulitia dawa gani?"

"Sikutia, bibi. Ni mbegu ya porini tu, imeota yenyewe."

"Mbegu ya porini. Mbona wewe mwenyewe ulisema sumu?"

"Kwa sababu ni sumu. Sikujua. Daktari ameniambia jana."

"Ukajua ni sumu ukaja. Kuna mchawi anayekuja?"

Nikasema hata mimi nisingekuja kama kungekuwa na namna nyingine. Mtu mmoja nyuma akaguna, sijui ni kicheko.

"Na ulitaka nini kwenye mkono wa mjukuu wangu?"

"Nilitaka nyekundu zifanane," nikasema. Sikuwa na jingine. Kweli sikuwa na jingine.

Aliinama akazitazama mbegu kwenye kofia yangu. Kisha akamwambia Gervas aweke lile panga na atafute pikipiki. Kwangu akasema, "Utakwenda nasi. Mtoto akirudi, utarudi."

Kibondo walikuwa wametungoja. Nesi aliuliza, "Huyu ndiye wa mbegu?" na mtoto akapokelewa kabla hatujakaa. Walimnywesha unga wa mkaa, wakamtia dripu. Jioni alianza kutapika, kisha kuharisha, macho yakazama. Daktari wa zamu alitueleza waziwazi kwamba hapana dawa ya kuifukuza sumu ile, kazi yao ni kumrudishia maji yanayotoka na kungoja.

Bibi hakuiamini mizani ya wodini. "Hiyo ni ya kwao," akaniambia. "Funga uzi."

Mnajua kwetu bibi humfunga mjukuu uzi wa shanga mkononi. Ukibana, mtoto ananawiri, ukilegea, anakwisha. Ndiyo maana alimfunga Fadhili ile bangili: hakuwa na uzi mwingine mzuri wa kumpimia. Basi nilikaa kwenye benchi la wodi, nikatandaza leso yangu, nikatoa zile shanga nyeupe za kioo. Nilimpima mtoto kwa uzi. Bibi alitaka ukae hivi: ncha ya kidole chake kidogo isipite kati ya shanga na ngozi. Nimetunga seti za mabibi harusi, nimetunga za wake za wakubwa. Ule uzi mmoja wa shanga nyeupe, mfupi kuliko kidole changu cha kati ukiukunja, ulinichukua muda kuliko zote. Nilifunga fundo, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikafungua, nikafunga tena.

Asubuhi ya kwanza bibi akaja na kidole chake. Ncha ikapita.

Akaniinulia kidole nikione. Gervas alikuwa mlangoni. Alilala pale, mgongo kwenye mlango, na mimi nililala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto ili kila mtu aone sijaenda mbali. Nilimsikia mtoto akipumua juu yangu. Akinyamaza kidogo, nilikuwa nashika chuma cha kitanda mpaka apumue tena. Bunduki niliwahi kuiogopa, lakini bunduki unaona mdomo wake na unajua neno litatokea wapi. Kile kidole cha bibi nilikisikia kikija tangu alfajiri, alipokuwa bado anaosha uso uani.

Asubuhi iliyofuata kikapita mpaka kwenye pingili. Ansila akageukia ukuta. Gervas akaniambia kwa sauti ya chini, karibu ya upole, "Fundi, una watoto?"

"Ninao."

"Wakubwa?"

"Wakubwa."

"Basi ni vizuri," akasema, akarudi mlangoni. Siku ile sikula.

Asubuhi nyingine kikasimama palepale kwenye pingili. Nesi akasema ametapika mara moja tu. Mimi sikumsikiliza nesi, nilikuwa namtazama bibi, na bibi alikuwa anakitazama kidole chake kama si chake. Na siku iliyofuata mtoto akaamka anadai ziwa, akanyonya, akanyonya tena. Ikapita siku moja, ikapita nyingine. Kisha bibi akaja, akaingiza kidole, kikagoma. Akakisukuma. Kikagoma. Akajaribu kwa kile cha mkono wa kushoto.

"Kimekataa," akasema. Akakaa sakafuni ghafla, na kwa mara ya kwanza nikaona ni bibi mzee na amechoka.

Tulirudi kijijini wote, mimi katikati. Nilidhani sasa watanifungulia njia nikimbilie lori. Bibi akasema bado. Mtoto amepona, lakini jina langu lingali limelala pale uwanjani, na likiachwa litaoza. "Nunua pombe," akasema. "Wewe mwenyewe. Watu waone unaibeba."

Nikaenda kwa mpika pombe wa jirani nikanunua dumu la pombe ya ndizi, nikalibeba begani mpaka uwanjani. Watu walikuwa walewale, wamekaa vilevile. Mnajua desturi: aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, ili wengine waone haina kitu. Nimeonja pombe yangu mara nyingi maishani na sikuwahi kufikiri desturi ile ilianza kwa nini. Bibi akanipa mrija. Nikainama. Mdomo ulikuwa mkavu hata mrija ukanigandia. Nikavuta, nikameza, nikainua kichwa wanione koo. Nadhani walikuwa wanahesabu.

Kisha Bibi Leokadia akauchukua mrija uleule, hakuufuta, akaweka mdomo pale ulipokuwa mdomo wangu, akanywa kwa muda mrefu. Akampa Gervas. Gervas akaushika, akanitazama mimi, akamtazama mpwa wake aliyekuwa anavuta zile shanga nyeupe mkononi, akanywa. Mtu wa nne alipokunywa, mtu mmoja akasema jambo kuhusu mvua, na mazungumzo yakaanza.

Ile seti ya ukutani niliitupa chooni siku niliyofika. Nilirudi mezani nikatunga kioo mwaka mzima mwingine, na kazi ilikuwa nzuri, waulizeni walionunua. Ila kila nilipofunga bangili ya mtoto, nilishindwa kuiachia mkononi mwa mama yake. Mteja mmoja alinivuta vidole. Hapo nikajua basi. Kwa hiyo chukueni hili moja kabla hamjabuni jambo: kitu usichokijua usikitoboe, hata kama tundu litakuwa zuri. Hasa kama tundu litakuwa zuri.

Hapa Kasulu mmeambiwa nilitozwa ng'ombe wawili. Wengine wanasema shamba la Buhigwe niliuza kwa ajili hiyo, na mimi Buhigwe sijawahi kuwa na shamba. Hospitali haikunidai, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi. Bibi hakunidai hata alichonilipa kwa seti. Nililipa dumu moja la pombe ya ndizi, na mwenye pombe alipojua ni mimi hakupunguza hata senti: shilingi elfu nane na mia tano.